Kosa la baraza, gharama ya mdaawa

"Mwanangu, kwa hiyo nimeshinda au nimeshindwa?"

Mama aliyeniuliza swali hilo alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha Mahakama ya Rufani, Kivukoni, amepakata mfuko wa kitenge. Ndani ya mfuko mlikuwa na hati ya mauziano ya kiwanja yenye muhuri wa serikali ya mtaa, stakabadhi za kodi ya jengo zilizoanza kufifia wino, na picha tatu za ukuta uliobomolewa. Hukumu ilikuwa imesomwa punde tu, kwa Kiingereza. Kwenye baraza la ardhi alishinda. Mahakama Kuu alishinda. Siku hiyo alipanda daladala ya alfajiri kutoka Mbagala akijua anakwenda kulimaliza.

Nilikuwa wakili wake, kwa hiyo kazi ya kumweleza ilikuwa yangu. Nikamwambia: "Mama, hujashinda na hujashindwa. Yote yaliyofanyika yamefutwa. Kesi inarudi barazani, inaanza upya."

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Nilikosea wapi?"

Hakukosea popote. Mwenyekiti wa baraza ndiye ambaye, baada ya mashahidi kumaliza, aliandika hukumu bila kuwataka washauri wake watoe maoni yao mbele ya wadaawa, yaani pande zote mbili za shauri. Mama hakujua kwamba kuna hatua kama hiyo. Mwenzake waliyekuwa wakigombea kiwanja naye hakulalamika juu yake. Majaji wenyewe ndio walioiona wakipitia jalada, wakaiibua, wakauliza pande zote mbili zinasema nini, kisha wakabatilisha mwenendo mzima wa shauri. Kuhusu gharama, waliamuru kila upande ubebe zake, kwa kuwa hoja iliibuliwa na mahakama. Ilikuwa imepita miaka saba tangu afungue shauri.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma maamuzi ya Mahakama ya Rufani kwa jicho tofauti: ya ardhi, ya kazi, ya jinai, ya ndoa. Ukiyachukua moja moja, kila uamuzi una hoja zake na hoja hizo zina uzito. Ukiyaweka pamoja, kitu kimoja kinajirudia. Aliyepewa dhamana ya kuendesha shauri akikosea utaratibu, anayelipa ni mwananchi aliyekuja kutafuta haki. Naamini hilo si sawa. Naamini pia kwamba Katiba na sheria zetu tayari zinatupa njia ya kuliepuka, na kwamba tunaitumia njia hiyo mara chache mno.

Nianze na ardhi, maana ndiko nilikokaa zaidi na ndiko watu wengi wa Dar es Salaam wanakokutana na mahakama kwa mara ya kwanza. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linaundwa na mwenyekiti na washauri wasiopungua wawili. Wananchi huwaita wazee wa baraza. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, kinawataka washauri hao watoe maoni kabla mwenyekiti hajafikia uamuzi. Kanuni ya 19(2) ya kanuni za mwaka 2003 inasema maoni hayo yawe ya maandishi, na inamruhusu mshauri kuyaandika kwa Kiswahili. Mwenyekiti hafungwi nayo. Akitofautiana nayo, anapaswa kutoa sababu.

Mwaka 2018, Mahakama ya Rufani ikiwa Mbeya, katika Rufaa ya Madai Na. 287 ya 2017 iliyohusu Halmashauri ya Jiji la Mbeya, ilikwenda hatua moja mbele. Ilisema haitoshi maoni kuwamo kwenye jalada. Lazima yatolewe wadaawa wakiwapo, ili wajue washauri wamesema nini na kama mwenyekiti ameyazingatia. Kukosekana kwa hatua hiyo kukatosha kuangusha mwenendo wote. Baada ya hapo majalada yakaanza kurudi mabarazani, moja baada ya jingine. Mengi kati yake yalikuwa ya mashauri yaliyosikilizwa kabla ya uamuzi ule, wakati ambapo wenyeviti wengi walikuwa na mazoea ya kuyapokea maoni ofisini na kuyabandika kwenye jalada.

Kanuni yenyewe naiheshimu, tena sana. Maoni ya mshauri mara nyingi ndiyo karatasi pekee katika jalada zima ambayo mtu kama yule mama anaweza kuisoma mwenyewe, kwa lugha yake, akaelewa mzee aliyekaa pale mbele siku zote zile alimwonaje. Tangu mwaka 2021, kwa Sheria Na. 1 ya mwaka huo, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, isipokuwa pale kanuni zinaporuhusu Kiingereza kwa maslahi ya haki. Hata hivyo hukumu nyingi za ngazi ya juu bado zinatoka kwa Kiingereza. Kwa hiyo maoni ya mshauri kusomwa hadharani ni haki yenye maana kwa mtu wa kawaida.

Lakini angalia kilichotendeka. Haki iliyowekwa kwa ajili ya mdaawa ndiyo iliyotumika kumnyang'anya mdaawa ushindi wake. Maoni yalikuwamo kwenye jalada. Washauri wote wawili walikuwa upande wa mama. Mwenyekiti alikubaliana nao. Hata kama yangesomwa kwa sauti mbele ya watu mia, matokeo yangekuwa yaleyale.

Na sheria ilikwishalitazama hili. Kifungu cha 45 cha sheria hiyohiyo ya Sura ya 216 kinakataza uamuzi wa baraza kutenguliwa kwa sababu ya kosa au upungufu katika mwenendo, ila pale kosa hilo limesababisha haki kutotendeka. Bunge halikusema kila kosa la utaratibu linaua shauri. Lilimtaka jaji aulize kwanza: kuna mtu ameumizwa?

Mahakama ya Rufani yenyewe iliwahi kuuliza hivyo, tena mwaka huohuo wa 2018, ikiwa Mwanza, katika Rufaa ya Madai Na. 55 ya 2017. Mtu aliyeshindwa kuanzia baraza la kata alikuja na hoja kwamba baraza lile halikuundwa ipasavyo. Mahakama ikakumbusha kuhusu kifungu cha 45, ikasema kinastahili kupewa nafasi kubwa zaidi ili kupunguza utegemezi wa hoja za kiufundi, na ikakataa kuliangusha shauri. Uamuzi huo ulitoka miezi michache baada ya Sheria Na. 8 ya 2018 kuingiza katika Sheria ya Mamlaka ya Rufani na katika Sheria ya Mwenendo wa Madai kile ambacho mawakili tumezoea kukiita kanuni ya oksijeni: kwamba lengo kuu la taratibu ni mashauri yaamuliwe kwa haki, kwa haraka, na kwa gharama ambayo watu wanaiweza. Na kabla ya hapo, tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000, Ibara ya 107A inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi, na zitende haki bila ya kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki kutendeka.

Basi tuna Katiba, tuna kifungu cha 45, tuna kanuni ya oksijeni. Na bado mama anarudi Mbagala na mfuko wake.

Upande wa kazi hali ni hiyohiyo, na huko inauma kwa namna nyingine, kwa sababu anayesubiri hana mshahara. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akichelewa hata siku moja, anatakiwa kuomba aongezewe muda na kutoa sababu za kutosha, na sababu zake zitachambuliwa kweli. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, na Kanuni ya 25 ya Tangazo la Serikali Na. 67 la 2007 inataka mashahidi watoe ushahidi wao kwa kiapo.

Katika Rufaa ya Madai Na. 257 ya 2020, na tena katika Rufaa ya Madai Na. 269 ya 2021, Mahakama ya Rufani ilikuta jalada ambalo halionyeshi mashahidi kuapa. Mwenendo ukabatilishwa, na tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi, ikaondoka nao. Ziko rufaa nyingine zilizoanguka kwa sababu mwamuzi hakuweka saini yake mwisho wa ushahidi wa kila shahidi.

Naomba msomaji alione jambo hili kwa karibu. Mwamuzi anaandika kwa mkono: "Shahidi wa kwanza wa mlalamikaji, miaka 42, Mkristo." Kisha anaanza kuandika ushahidi. Lililokosekana ni neno "ameapa". Mimi niliyewahi kukaa kwenye vyumba vile najua kwamba mara nyingine shahidi aliapa kweli, ameshika Biblia au Msahafu, sote tukiwa tumesimama. Lakini jalada ndilo linaloongea mbele ya majaji, na jalada lisiposema, jambo hilo halikufanyika. Dereva aliyefukuzwa kazi bila kusikilizwa, akapata tuzo, akaitetea Mahakama Kuu, anaambiwa arudi kwa mwamuzi mwingine aanze tena kuthibitisha kwamba alifukuzwa bila kusikilizwa.

Hapa kuna tofauti ambayo siwezi kuikubali. Mfanyakazi akichelewa siku moja, anatoa sababu. Mwamuzi akisahau kiapo au saini, haitwi popote kueleza. Halipi mtu yeyote. Mara nyingi hata hatajulishwa kwamba tuzo yake ya miaka minne iliyopita imeanguka kwa sababu yake.

Wenzangu wamenijibu kwamba kiapo si pambo, na nakubaliana nao. Mtu anayejua kwamba akidanganya anaweza kushtakiwa hupima maneno yake. Ushahidi usio wa kiapo, pale sheria inapodai kiapo, ni maneno matupu, na mwajiri naye ana haki ya kutohukumiwa kwa maneno matupu. Kama kweli hakuna aliyeapa, sioni namna nyingine ila kusikiliza upya. Hoja yangu iko pale ambapo hakuna hata mmoja anayesema kwamba mashahidi hawakuapa. Jalada tu limenyamaza. Mrufani hakulalamika, mjibu rufani hakulalamika, wote walikuwapo. Kwa nini wasiulizwe wao kwa hati ya kiapo, na mwamuzi naye aulizwe, kabla ya kuzika kazi ya miaka?

Sasa jinai, ambako mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa kuna mtoto upande mmoja na uhuru wa mtu upande wa pili.

Mwaka 2016 Bunge lilibadili kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6. Kabla ya hapo, mtoto mdogo alipopanda kizimbani kutoa ushahidi, hakimu alilazimika kumfanyia mahojiano ya kupima kama anaelewa maana ya kiapo na kama ana akili ya kutosha kueleza. Mahojiano hayo yalizaa rufaa nyingi mno. Marekebisho yakarahisisha: mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi kabla ya kuanza aahidi kusema ukweli na si uongo.

Lilionekana jepesi, lakini mahakimu wengi waliruka ahadi hiyo, au waliichukua bila kuiandika. Katika Rufaa ya Jinai Na. 168 ya 2018, iliyoamuliwa Bukoba, Mahakama ya Rufani ikaeleza maswali ambayo hakimu anaweza kumuuliza mtoto: ana umri gani, dini yake ni ipi na anaelewa kiapo ni nini, na kama anaahidi kusema ukweli na si uongo. Katika shauri lile ahadi haikuwapo kwenye jalada. Ushahidi wa mtoto ukaondolewa, na bila huo mashtaka hayakuwa na mguu wa kusimamia.

Niliposoma uamuzi ule mara ya kwanza nililala vibaya. Mtoto alikuja mahakamani, akasimama mbele ya watu wazima asiowajua, akasema jambo ambalo watu wazima wengi hawawezi kulisema. Mtu mzima mwenye shahada ya sheria hakumuuliza swali moja. Na aliyeambiwa kwamba maneno yake hayana thamani kisheria ni mtoto.

Lakini nasema pia upande wa pili, kwa sababu nimewahi kusimama kumtetea mshtakiwa wa kosa la aina hiyo, la kingono dhidi ya mtoto, aliyekuwa akisema hakufanya. Kifungo chake ni miaka 30 au maisha. Katika mashauri haya mara nyingi hakuna shahidi mwingine wa tukio. Neno la mtoto ndilo kila kitu. Ndiyo maana ahadi ya kusema ukweli si kitu cha kuchezewa. Na kosa la hakimu linamkata mshtakiwa pia: anaweza kukaa gerezani miaka, rufaa yake ikafaulu kwa hoja ya utaratibu, kisha akaamriwa kushtakiwa upya. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwishaonya tangu mwaka 1966, katika shauri la Fatehali Manji, kwamba amri ya kusikiliza upya isitolewe ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake, na kwamba kila shauri litazamwe lilivyo.

Mwaka 2022, ikiwa Mwanza, katika Rufaa ya Jinai Na. 301 ya 2018, Mahakama ya Rufani ililegeza kamba. Ilikisoma kifungu cha 127 chote, si kipande chake, ikaona kifungu kidogo cha 6, kinachoruhusu mahakama kutegemea ushahidi wa mtoto ikiridhika kwamba amesema kweli, bila kujali vifungu vidogo vilivyotangulia. Kwa hiyo kukosekana kwa ahadi hakufuti ushahidi moja kwa moja. Mahakama inapaswa kuupima. Nauona uamuzi huu kuwa miongoni mwa yaliyo bora kabisa ya miaka hii. Haukumwambia hakimu kwamba ahadi haina maana. Umemwambia jaji wa rufaa arudi kwenye swali lenyewe: huyu mtoto alisema kweli? Mtoto anapimwa kwa maneno yake, na mshtakiwa naye anabaki na haki ya kuyapinga maneno hayo.

Kwa nini hatua ya namna hii iwezekane kwenye jinai, ambako mtu anaweza kupoteza maisha yake yote gerezani, na ishindikane kwenye kiwanja cha futi 60 kwa 40?

Jibu ninalopewa ni Mondorosi. Katika Rufaa ya Madai Na. 66 ya 2017, kati ya Halmashauri ya Kijiji cha Mondorosi na Tanzania Breweries, Mahakama ya Rufani ilisema kanuni ya oksijeni haiwezi kutumika kwa upofu dhidi ya masharti ya lazima ya utaratibu yanayogusa msingi wa shauri. Naikubali kauli hiyo kama ilivyo. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyoitumia, maana imekuwa kama kila sharti lenye neno "lazima" linagusa msingi. Kuna masharti yanayogusa msingi kweli. Haki ya kusikilizwa ni mojawapo: katika shauri la Abbas Sherally dhidi ya Abdul Fazalboy, Mahakama ya Rufani ilisema uamuzi uliotolewa bila kumsikiliza anayeathirika ni batili hata kama angesikilizwa matokeo yangekuwa hayohayo. Hapo sina neno. Mtu kuamuliwa bila kuitwa ni jeraha lenyewe, halihitaji kuthibitishwa kwa jingine. Mamlaka ya mahakama nayo ni hivyo. Lakini maoni ambayo yamo ndani ya jalada na hayakusomwa kwa sauti, au saini iliyokosekana chini ya ukurasa ambao hakuna anayeukana, hayo kuyapa uzito sawa na mtu kunyimwa sauti yake ni kuikosea heshima hata hiyo haki ya kusikilizwa.

Ndoa nitazigusa kidogo tu. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataka mgogoro upite kwanza Bodi ya Usuluhishi wa Ndoa, nayo itoe cheti kwamba imeshindwa kuwapatanisha, ukiacha mazingira machache yaliyotajwa. Katika Rufaa ya Madai Na. 246 ya 2019, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba ombi la talaka lisilopita njia hiyo limeletwa kabla ya wakati wake, na yote yaliyotolewa juu yake, talaka na mgawanyo wa mali, yakaanguka. Sharti la bodi ni zuri. Ndoa nyingine zimepona huko. Ila bodi hizi ni za watu wa kata, za misikiti, za makanisa, watu wa kujitolea wasio wanasheria. Mwanamke aliyekwenda akakaa mbele yao, akaambiwa wameshindwa, akapewa barua badala ya fomu inayotakiwa, amekosa nini? Mahakama hiihii, mwaka 1983, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilisoma kifungu cha 114 cha sheria hiyo na kuona kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa yeye mwenyewe hakupata mgao katika shauri lile. Sheria haikuwa imelitaja jiko, na majaji waliliona. Mahakama yenye uwezo wa kuona hivyo haishindwi kuona barua iliyopaswa kuwa fomu.

Yapo mambo yanayoweza kufanywa kesho asubuhi bila kusubiri Bunge. La kwanza, jalada lirudishwe hadi pale kosa lilipotokea, lisirudishwe hadi mwanzo. Kama kosa ni maoni kutosomwa, itenguliwe hukumu peke yake. Mwenyekiti awaite washauri walewale, wasome, aandike hukumu mpya. Wapo majaji wa Mahakama Kuu wanaofanya hivyo, na mashauri yao yanakwisha. Ushahidi uliotolewa ukiwa sahihi unabaki. Hilo si jambo dogo kwa mji kama huu, ambako watu huuza, huhama na hufa huku shauri likitajwa na kuahirishwa.

Pale ambapo hakuna njia ila kuanza upya, amri ya kuanza upya ije na masharti yake: shauri lipewe nafasi ya mbele, tarehe ya mwisho ya kulimaliza iwekwe, na mdaawa asitozwe tena ada kwa huduma aliyokwisha kuilipia ikaharibikia mikononi mwa mtoa huduma. Na nakala ya uamuzi imfikie yule aliyekosea, pamoja na aliye juu yake kikazi. Silitaki hili kwa nia ya kumwadhibu mtu. Wenyeviti na waamuzi wanabeba mafaili mengi kupita kiasi, nimeona meza zao. Nalitaka kwa sababu mtu asiyeambiwa kosa lake ataendelea kulirudia, na kila analorudia lina mtu wake nje kwenye benchi. Hata ukurasa mmoja uliochapwa tayari, wenye nafasi ya kiapo, nafasi ya saini na nafasi ya kuandika kwamba maoni yamesomwa wadaawa wakiwapo, ungeokoa majalada mengi kuliko semina yoyote.

Juu ya yote, majaji wanapoibua kosa ambalo hakuna mdaawa aliyelilalamikia, waandike kwa maneno yao kosa hilo limemuumiza nani na kwa namna gani. Wakikosa cha kuandika, kifungu cha 45 kinawaambia la kufanya.

Shauri la mama lilisikilizwa upya mbele ya mwenyekiti mwingine. Mzee aliyemuuzia kiwanja alikuwa amefariki. Ushahidi wake mzuri, wenye jina la kila jirani na mahali ulipokuwa mwembe wa mpaka, ulikuwa ndani ya mwenendo uliobatilishwa, kwa hiyo ulikwenda nao. Jirani wa upande wa kusini alikuwa amehamia Ifakara. Alikuja mara moja, shauri likaahirishwa, hakuja tena. Tulibaki na hati, picha tatu, na mama mwenyewe, ambaye safari hii alijibu maswali kwa sauti ndogo kuliko mara ya kwanza.

Ushahidi ulipokwisha, mwenyekiti akawataka washauri wasome maoni yao. Wa kwanza, mama wa makamo, alisimama na karatasi yenye mistari iliyochanwa kwenye daftari, akasoma taratibu. Wa pili alisoma akiwa amekaa. Mama wa Mbagala aliinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti hafifu. Nilitazama saa walipoanza na walipomaliza. Zilikuwa dakika nane.

Tulipewa tarehe ya hukumu. Pale nje mama aliniuliza kama anaweza kupata nakala ya yale yaliyosomwa. Nilimwomba karani, tukapewa, tukaenda kwenye kibanda cha fotokopi ng'ambo ya barabara. Aliikunja mara mbili, akaiweka ndani ya mfuko wa kitenge, juu ya hati.